Unataka kumpa mwanao jina la bibi? Soma hii kabla hujaenda kuandikisha

Mwanangu alipokuwa mchanga nilikuwa naye kliniki, nesi akaita "Brayan!" wakainuka wamama watatu, ikabidi waanze kuulizana Brayan yupi, Brayan wa nani. Akaita wengine wawili watatu halafu akafika kwenye kadi yetu, akaisoma kimoyomoyo kwanza, akanyanyua macho, akaita taratibu kabisa, "Chausiku". Pale kwenye benchi kulikuwa na mama mtu mzima kaleta mjukuu, akaitika yeye, "abee!" Kumbe na yeye ni Chausiku na hajasikia mtoto mchanga akiitwa hivo miaka na miaka. Alimpakata mwanangu mpaka zamu yetu ikafika, anamwita somo, somo wangu.

Tangu hapo kila nikitaja jina la binti yangu kuna mtu ananivuta pembeni, shoga, binamu, dada wa ofisini, mjamzito ama mwenye mkwe mjamzito, anauliza na yeye afanyeje apate jina la kizamani zuri. Wote nawajibu kitu kimoja kwa vipande vipande kwahiyo leo nimeamua niandike yote.

La kwanza kabisa, usianze kwa kutafuta orodha ya majina mtandaoni. Najua ndo kitu cha kwanza mtu anafanya, anafungua simu anaandika majina ya asili ya kike na maana zake, anapata mia tatu, analichagua lenye utamu mdomoni. Majina yetu ya zamani hayakutolewa kwa utamu, jina lilikuwa ni habari ya siku ile mtoto alipokuja, nani alikuwepo, mvua ilinyesha ama haikunyesha, baba yuko safarini, jirani kasema nini. Ukichukua jina ukaacha habari yake umebeba kifuu nazi imebaki kwa mwenyewe.

Sasa ili uweze hata kumuuliza bibi vizuri inabidi ujue majina haya yalikuwa yanatoka wapi. Kuna ya wakati. Juma na Mwajuma, Khamisi na Mwanakhamisi, Jumanne, Rajabu, Shabani, Ramadhani, Mwanaidi aliyekuja siku ya Idi, Chausiku aliyekuja usiku. Hapa kuna kitu vijana wengi hawakijui na kinawakosesha, kwa wazee wa pwani siku inaanza jua likizama, haianzi saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku kwao amezaliwa usiku wa Ijumaa, huyo ni Mwajuma halali kabisa hata kama cheti kinasema Alhamisi. Kwahiyo ukitaka kumpa mtoto jina la siku muulize mkunga saa, uhesabu na magharibi, na kama unataka jina la mwezi tafuta kalenda ya Kiislamu uone mwezi mwandamo ulikuwa upi.

Kuna ya mvua na msimu, Mwamvua, Masika. Kuna ya kufuatana, Mosi, Pili, Tatu, Mwanne. Kuna ya mapacha, Kurwa anatangulia na Doto anafuata. Kuna ya mambo ya dunia, ukimkuta bibi anaitwa Mwamvita usipite hivi hivi, muulize vita gani maana hapo unaweza ukapata historia ya ukoo mzima.

Halafu kuna haya ninayoyapenda mimi kuliko yote, majina ya maneno. Sikujua. Sikudhani. Siwema. Semeni. Zamoyoni. Mwacheni. Haya ukiyaona kama majina tu hutaelewa kitu. Fikiria kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na yale maandishi yake yanaitwa nini? Yanaitwa jina. Jina la kanga. Mwanamke akitaka kumwambia mtu kitu bila kufungua mdomo ananunua kanga yenye jina lake anajifunga anapita mlangoni kwa mtu. Na mtoto aliweza kupewa jina kwa njia hiyohiyo, mama kasemwa hazai, kazaa, mtoto anaitwa Semeni, yaani endeleeni basi kusema. Kila akimwita mwanae aje ale jirani anasikia. Mi naona huu ni utunzi mkubwa kabisa, watu hawakuwa na kalamu wala karatasi lakini ugomvi wa miaka sitini iliyopita uko mpaka leo kwenye kitambulisho cha NIDA cha bibi.

Kwahiyo hatua yenyewe ya kwanza ni kwenda kwa wazee. Nenda kwa miguu yako kama unaweza, simu ni ya kumalizia. Nenda na sukari, kaa jikoni, mchambue mchele, usifike na daftari mkononi kama mtu wa sensa. Na usiulize "bibi jina lako maana yake nini," ukiuliza hivo utajibiwa "jina tu mjukuu wangu" na hapo stori imekufa. Uliza bibi nani alikupa jina hili. Uliza ulizaliwa nyumba gani, mkunga alikuwa nani, babu alikuwepo? Uliza kabla ya hili ulikuwa unaitwa nani, hilo usilisahau kabisa, kwasababu wazee wengi wana jina la utotoni na jina la ukubwani, na lile la utotoni ndo mara nyingi tamu na hakuna anayelikumbuka zaidi yake mwenyewe. Muombe ruhusa umrekodi kwenye simu. Ukimaliza kwa huyu muulize na mdogo wake stori hiyohiyo kwasababu hawasimulii sawa, na pale wanapotofautiana ndo pana utamu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Chausiku, wa upande wa Pangani. Miaka yote nilijua kazaliwa usiku basi. Nilipomuuliza vizuri akaniambia usiku ule taa ilikuwa imeishiwa mafuta na hakuna wa kumtuma dukani, mkunga akamshika kwa kupapasa, hakujua ni mtoto wa kike au wa kiume mpaka alfajiri, ndo akasema huyu wa usiku, usiku wenyewe umempa jina. Niliyasikia hayo bibi akiwa na miaka themanini na kitu na mama yangu mzazi aliyekuwa amekaa pembeni alikuwa hajawahi kuyasikia. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Jina lilipatikana palepale.

Ila dada yake bibi ni Siwema. Na stori ya Siwema nilipoisikia nikaomba radhi, sikuendelea kuuliza, ni mambo ya wifi na mawifi ambayo watoto wao bado wapo hai na wanasalimiana. Jina kama hilo ukilirudisha kwenye ukoo umerudisha na yale maneno. Ndo maana nasema ujue kwanza.

Tuongelee haya majina mazito maana ndo yanawasumbua watu. Tabu, Shida, Mashaka, Msiba, Mkiwa, Mtumwa, Kijakazi. Mengi yalitolewa kwa mapenzi, sio kwa chuki. Mama kazika watoto wawili watatu, huyu aliyebaki anamwita jina la kumdharaulisha ili jicho la watu na mauti yenyewe visimtamani. Siti binti Saad, yule mwimbaji mkubwa wa taarab aliyezaliwa Fumba Unguja 1880 na aliyekwenda Bombay kurekodi santuri 1928, jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Siti lilikuja baadaye mjini, na siti maana yake ni bibi wa heshima. Mtu mmoja kaanza Mtumwa kamaliza Siti na yote mawili ni ya kwake. Kwa sisi Waislamu pia jambo hili lina msingi, Mtume alikuwa anabadilisha majina yenye maana mbaya, kuna mwanamke aliitwa Asiya kwa ile maana ya muasi akamwita Jamila. Kwahiyo kama bibi yako ni Tabu na unampenda unakufa huna lazima ya kumwita mtoto Tabu. Tafuta jina lake jingine, la utotoni ama lile alilokuwa anaitwa na mumewe, ama chukua kinyume chake, mjukuu wa Tabu akaitwa Faraja na mkamsimulia kwanini. Na kama ukoo wenu mmelijua Tabu ni jina la ushindi na mwenyewe bibi anataka somo wake, basi mpeni, ila muwe tayari kulisimamia kila siku shuleni kwa mtoto.

Hatua inayofuata ni kumaliza mambo na familia mbili, na hapa watu wengi ndo wanakwama. Kuna koo zinampa mtoto jina la bibi aliye hai na ni raha tupu, wanaitana somo, bibi analeta kanga, mtoto anajua ana mtu wake. Kuna koo nyingine jina halirudi mpaka mwenyewe atangulie mbele ya haki, ukilitoa mapema ni kama umemharakisha. Huwezi kujua mpaka uulize na usimuulize mume, mume hajui, muulize shangazi yake. Shangazi ndo mwenye majina ya ukoo. Wakikuyu wao walishaweka utaratibu kabisa, mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wa kike vivyohivyo kwa mabibi, hakuna ugomvi. Sisi wengine lazima tukae tuzungumze.

Na ukimpa mtoto jina la mama mkwe ujue kuna nyumba nyingi mkamwana halitamki jina la mkwe wake. Utamwitaje sasa mtoto akienda barabarani gari inakuja? Watu wanamwita bibi, mama, wifi mdogo, wengine somo, na hiyo ndo inageuka jina la nyumbani. Ni desturi nzuri mi naipenda lakini ijue kabla.

Kama mmeoana makabila mawili nina kitu cha kuwapa ambacho nilikigundua nikiwa nasaidia rafiki yangu aliyeolewa na Mjaluo wa Kisumu. Walikuwa wanavutana jina la kwao au la kwetu, kumbe mtoto wao kaja usiku, Atieno kwa Kijaluo ni wa usiku, na Chausiku ni wa usiku, ni jina lilelile! Mtoto ana yote mawili na hakuna aliyeshindwa. Mvua ndo zaidi, Mwamvua wa pwani, Kabula wa Kisukuma na Mabula kwa mwanaume, Nyambura wa Kikuyu, Mumbua wa Kikamba, Akoth na Okoth wa Kijaluo, wote hao ni mvua. Hata Mwalimu Nyerere, kabla ya kubatizwa Julius mwaka 1943 alikuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki kwasababu alizaliwa Aprili 1922 mvua inanyesha. Kwahiyo msibishane lugha kwanza, kaeni mjiulize siku ile kulikuwa na nini halafu kila mmoja atafute kwao wanalisemaje.

Hapohapo niseme na hili, usichukue jina la kabila la watu kwasababu umelisikia zuri. Shija kwa Wasukuma ni anayefuata mapacha, Kashinje ni aliyetanguliza miguu. Ukimwita mwanao Kashinje na alitoka kichwa kama kawaida, siku akikutana na bibi wa Shinyanga ataulizwa swali na hana jibu. Kurithi ni kitu kingine, binti yangu kazaliwa saa nne asubuhi jua linawaka na ni Chausiku, watu wameniuliza sana mbona mchana, najibu hakuitwa kwa saa yake kaitwa kwa bibi yake. Jibu lipo. Hicho ndo kipimo changu, mtoto akiulizwa "kwanini unaitwa hivo" awe na jibu la kweli.

Wakristo pia mna hazina yenu na naona mnaiacha. Wachaga wale wa Kilutheri wana Elibariki, wana Aikaeli ambayo ni asante Mungu kwa Kichaga, aika ni asante na Eli ni Mungu. Wakatoliki wa zamani walikuwa wanafungua kalenda wanaangalia siku hiyo ni ya mtakatifu gani, ndo tukapata kina bibi Skolastika (tarehe 10 Februari), kina Perpetua na Felista (7 Machi, mashahidi wale wa Karthago wa mwaka 203), kina babu Deogratias ambaye na yeye kwa Kilatini ni shukrani kwa Mungu. Kwahiyo babu Deogratias na bibi Aikaeli ni wajina na hawajui! Kama wazee wako wameshatangulia wote na hakuna wa kumuuliza, nenda parokiani kwenu kaombe kwa adabu kuangaliziwa kitabu cha ubatizo, majina ya ukoo yamelala mle na tarehe zake.

Jaribu jina kabla hujaliandika. Simama mlangoni uliite kwa sauti kama mtoto yuko kwa jirani na magharibi inaingia. Liunganishe na jina la baba yake na la babu yake uone linatiririka ama linagongana. Fikiria na kifupi chake maana kifupi kitakuja utake usitake, mi binti yangu ni Chau, Mwanaidi atakuwa Mwana ama Aidi, ni vizuri mkichague nyie wenyewe mapema. Na kuhusu kuchekwa, ni kweli haya majina yalichekwa sana, tumekua tunasikia Mwajuma ndala ndefu, na kwenye maigizo dada wa kazi lazima aitwe Sikujua au Tabu. Inaniuma mpaka leo maana wasichana wenye majina hayo darasani kwetu walikuwa wanajibadilisha wenyewe wanajiita majina ya kwenye tamthilia. Na wakati huohuo Mwana kwa Kiswahili cha zamani cha Lamu na Pate ni cheo cha bibi wa heshima, ndo maana tuna Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa 1858, na binti yake Mwana Hashima. Mwanao akijua hilo akiwa mdogo, kabla hajakutana na wa kumcheka, atasimama vizuri. Usisubiri aje analia ndo umsimulie.

Kuandikisha sasa, fupi tu. Tanzania bara unaandikisha RITA, ile ofisi ya serikali ya vyeti vya kuzaliwa, ndani ya siku 90, ukichelewa inawezekana lakini vielelezo vinaongezeka. Kabla hujaondoka hospitali shika lile tangazo la kizazi usome herufi moja moja na usimwachie mtu mwingine. Sisi tuliandikiwa Chausku bila i, aliyeandika alikuwa amechoka na foleni ndefu, tukaondoka kwa furaha hatukuangalia, kurekebisha kukatuchukua wiki kadhaa za nenda rudi. Kwa jina la kizamani ni muhimu zaidi maana lina njia nyingi za kuandikwa, Kurwa au Kulwa, Doto au Dotto, Mwantumu au Mwantum, Khadija au Hadija. Amueni moja, liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpeni anayejaza fomu aone kwa macho, asiandike kwa kusikia. Liwe hilohilo kwenye kadi ya kliniki, cheti, shule, bima, pasi ya kusafiria. Herufi moja ikitofautiana utakuja kutafuta kiapo mahakamani au ile hati ya kubadilisha jina mtoto akiwa anataka kujiunga na chuo. Na kama mnaishi nje, Marekani huko au Uingereza, mfundishe mwalimu kulitamka kwa silabi siku ya kwanza, Cha-u-si-ku, wanaweza kabisa wakiambiwa, usikubali jina likatwe kwa ajili ya ulimi wa mtu.

Cha mwisho ni stori yenyewe, usiiache kwenye simu peke yake. Simu inaibiwa, inaingia maji. Mi sauti ya bibi iko kwa watu watatu, nimetuma kwa mama, kwa kaka yangu na kwenye barua pepe yangu mwenyewe, na nyuma ya kadi ya kliniki nimeandika kwa mkono mistari sita, nani, wapi, usiku gani, taa iliishiwa mafuta, mkunga alipapasa. Bibi alimuona somo wake kwa mwezi mmoja na siku chache halafu akatangulia. Huyu Chausiku wangu ana miaka minne sasa, umeme ukikatika anataka niweke ile sauti, tunakaa gizani tunamsikiliza bibi, na juzi ameuliza kama mkunga alikuwa haoni kabisa, alijuaje kichwa kiko wapi.